Jani la Tarayo Msumarini

Tokuji aliondoka nyumbani tarehe kumi na nane ya mwezi wa pili, mwaka wa nane wa enzi ya Showa, yaani 1933, chai yake ikiwa haijapoa. Nilikuwa nimempa kisogo, nakwangua ukoko wa chungu cha wali nimpikie mama mkwe uji. Nilimsikia akichukua jani kwenye kikapu cha dirishani, kisha nikasikia kijiti kikikwaruza. Mkwaruzo huo nilikuwa nimeusikia kila asubuhi kwa miaka mitatu ya ndoa yetu, na sikuushughulikia tena.

"Mwalimu," akaniita, "jani lipo msumarini. Usije ukasema sikukuaga."

"Nimeliona."

"Umeliona kwa kisogo?"

"Mwandiko wako ulivyo mbaya, hata kwa kisogo unaonekana."

Akacheka, akafunga mlango. Aliniita mwalimu kwa sababu nilisoma miaka miwili shule ya sekondari ya wasichana kule mjini, kabla baba yangu hajafariki. Yeye aliishia darasa la nne. Hatukuzungumza tena baada ya hapo.

Mti wa tarayo wa kijiji chetu uko langoni pa hekalu, ng'ambo ya daraja. Majani yake ni manene, marefu kama kiganja na vidole vyake, na hayapukutiki wakati wa baridi. Ukikwaruza mgongo wa jani kwa kijiti, mara ya kwanza huoni kitu. Kunywa chai yako taratibu, ukirudi utakuta kila mkwaruzo umekuwa mweusi, na maandishi hayo hayafutiki hata jani likikauka. Mtawa wetu alitufundisha tukiwa watoto kwamba jina hilo, tarayo, lilitoka mbali pamoja na dini, kwa mti mwingine ambao watu wa kale waliandika maneno matakatifu juu ya majani yake. Kwa hiyo, alisema, msiandike upuuzi. Tuliandika upuuzi.

Lakini wanaume waendao mlimani hawakuandika upuuzi. Kila mmoja, kabla ya kutoka, aliandika jina la bonde anakokwenda, akalichoma jani kwenye msumari wa nguzo ya mlangoni. Akirudi jioni alilitoa mwenyewe na kulitupa motoni. Jani likiwa msumarini, mtu yuko mlimani. Na maandishi yalielekezwa ukutani siku zote, kwa sababu mungu wa mlima wetu ni mwanamke mwenye wivu, na haifai asome njia za waume za watu.

Kwa hiyo ukipita mlangoni ulichoona ni uso wa kijani tu. Ili kusoma ilikubidi uligeuze, na mimi siku hiyo sikuligeuza. Wiki nzima Tokuji alikuwa Bonde la Mawe Meupe, akipogoa mierezi ya tajiri mmoja wa mjini pamoja na rafiki yake Matsuzo. Jumatatu niligeuza nikakuta Mawe Meupe, Jumanne Mawe Meupe, Jumatano hivyo hivyo. Kufikia Jumamosi nilikuwa nimechoka kugeuza.

Theluji ilianza saa sita mchana. Kwetu theluji si ya kila siku, lakini ikija huja kwa hasira, nzito, yenye maji ndani yake, na huvunja matawi. Saa nane tulianza kuyasikia yakivunjika huko juu, moja moja, kama mtu anayevunja kuni bila haraka. Mama mkwe, aitwaye Sumi, alikuwa ameketi mbele ya shimo la moto katikati ya chumba. Kila tawi lilipolia aliinua kichwa.

"Wengine wamerudi?" akauliza.

Nikatoka kibarazani kutazama. Nyumba yetu ni ya mwisho kabla ya njia ya kupanda mlima, kila mtu hupita mbele yake. Nyayo za kushuka zilikuwa zimeanza kufunikwa. Nilizihesabu tena na tena, nikapata watu watano. Walioshuka walikuwa wa upande wa kusini. Matsuzo siku hiyo hakwenda kazini, jino lilikuwa limemvimbisha shavu. Tokuji alikuwa peke yake.

"Wamerudi wa kusini," nikamwambia. "Yeye ana ngazi ya kubeba, atachelewa."

"Nui, baba yake naye alikuwa na ngazi ya kubeba."

Baba yake Tokuji alikufa mlimani wakati Tokuji ana miaka sita, na katika nyumba ile jambo hilo halikutajwa hovyo. Mama alipolitaja nilitia kuni nyingine motoni, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

Saa tisa akasema, "Nipe jani."

Nilielewa anataka nini. Wanawake wazee wa kwetu huweka jani la tarayo juu ya kaa la moto wakiwa na mtu wanayemngojea. Joto huchora duara jeusi juu ya jani. Duara likikutana, anayengojewa anarudi. Likiacha mwanya, njia imekatika. Shuleni walitufundisha kwamba ni maji ya jani tu yanayopikika, na mimi mwenyewe niliwahi kulieleza hilo pale pale mbele ya moto, Tokuji akacheka na mama akanuna siku mbili.

"Kikapu kitupu, mama. Alichukua la mwisho asubuhi."

"Nenda kachume."

"Daraja limejaa theluji. Nikiteleza mimi, utangoja wawili."

Halafu akatazama mlangoni. Nami nikatazama alikotazama.

Nataka niandike hapa kwamba ni yeye aliyelitoa. Kwa miaka mingi nilikumbuka hivyo, nikajisadiki. Lakini ni mimi. Yeye magoti yalikuwa yanamuuma, asingefika mlangoni kabla sijamzuia. Niliinuka mimi mwenyewe kwa sababu niliogopa, na mtu aliyeogopa hutaka aambiwe neno lolote, hata na jani. Niliuvuta uso ule wa kijani kutoka msumarini, nikaushika kwa koleo, nikamkabidhi. Sikuligeuza. Nilikuwa naangalia uso wa mama, si jani.

Akalilaza juu ya makaa bila kuachia koleo, maandishi yakiwa chini.

Tulisikia likichemka kidogo kidogo. Doa lilijitokeza katikati, likapanuka, likawa ukingo mweusi uliokuwa ukitembea kutoka pande mbili. Mama alikuwa ameinama juu ya makaa. Zile ncha mbili zilikaribiana, zikasita, zikakutana.

"Umeona?" akasema. "Umeona, mwanangu? Limefunga." Akaanza kucheka na kulia pamoja, akanipiga piga mkono. "Msomi wewe. Niambie sasa ni maji yanayopikika."

Nami nilicheka. Nilifurahi kweli. Nikaweka maji ya kuogea jikoni. Tulikaa saa nzima tukiwa na amani, saa nzima, na huko nje theluji ilikuwa inapanda kwenye ngazi za kibaraza.

Saa kumi nilikumbuka kulirudisha jani msumarini, Tokuji alitoe mwenyewe kama desturi. Ndipo nilipoligeuza. Mgongo wote ulikuwa mweusi. Palibaki sehemu moja tu ndogo chini, pale koleo lilipobana, na hapo neno lilisomeka vizuri sana, kwa mwandiko wake ule mbaya: bonde. Katika maandishi yetu neno hilo huja mwisho, baada ya jina. Mabonde ya mlima wetu ni manne, na yote huishia hivyo.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Maandishi yameungua."

"Si ulikuwa umeyasoma?"

Nilimtazama. Yeye hakujua kusoma hata jina lake. Siku zote aliamini kwamba mtu anayejua kusoma akipita mbele ya maandishi basi ameyasoma, kama vile mwenye macho apitavyo mbele ya mti.

"Nui. Si uliyasoma?"

Nikawaza Mawe Meupe, Mawe Meupe, Mawe Meupe. "Ndiyo," nikasema.

Saa kumi na moja baba mkubwa Jinpachi alikuja na wanaume wanane, wamevaa makoti ya majani makavu, wana kamba na mienge. Yeye ni kaka wa marehemu baba mkwe, na ndiye aliyeongoza kila msako kijijini tangu ujana wake. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia, akatazama msumari mtupu.

"Jani liko wapi?"

"Tulilitumia kwa moto, baba mkubwa," nikasema. "Duara limefunga."

Akamtazama shemeji yake, mama mkwe, kwa muda. Hakuwa mtu wa kugomba. "Sawa. Lilisema wapi?"

"Mawe Meupe."

"Umelisoma mwenyewe?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Neno moja tu, sikulisoma. Watu wanane wasingetosha kwa mabonde manne, theluji ikiwa magotini na giza likija, lakini angalau wangejadiliana, wangewaza, Jinpachi angeuliza maswali yake. Nilimwona mama amekaza macho kwenye moto.

"Nimelisoma."

Matsuzo alikuwa miongoni mwao, shavu limefungwa kitambaa. "Ni kweli, tulibakiza mistari miwili ya miti kule," akasema. "Nilimwambia aningoje Jumatatu. Lakini Tokuji akiona mti haujapogolewa hapati usingizi. Tukimkuta nitamchapa ngazi yake mwenyewe."

Wengine wakacheka kidogo, wakaondoka. Usiku ule mimi na mama hatukulala. Maji ya kuogea yalipoa, nikayapasha tena.

Kulipopambazuka theluji ilikuwa imekoma. Niliingia ghalani kuchukua kuni, na ukutani, mahali palipokuwa na vitu vya Tokuji, nikaona nafasi tupu. Vile vyuma vyenye meno manne, anavyofunga chini ya viatu ili asiteleze, havikuwepo.

Mawe Meupe ni bonde la jua, njia yake pana. Hakuna aliyewahi kuvaa vyuma kwenda kule. Tokuji alivivaa sehemu moja tu, Bonde la Kivuli, ambako jua halifiki tangu mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu na mwamba una barafu. Ndipo nikakumbuka na jambo la ngazi. Kabla ya mwaka mpya alikuwa ameiacha ngazi yake ndefu kule, na wiki nzima alikuwa analalamika kwamba ile fupi inamvunja mgongo. Alikwenda kuichukua. Aliniandikia kwamba amekwenda kuichukua.

Kama ningeingia ghalani jana yake, ningejua. Kuni za jana zilikuwa zinatosha.

Sikumwambia mama. Nilifunga viatu vya majani nikapanda njia ya Mawe Meupe, nikifuata nyayo za watu. Sijui kama nilikuwa nakimbia au naanguka. Niliogopa mambo mawili kwa pamoja, na kusema kweli sikuweza kuyatenganisha: kwamba Tokuji amekufa, na kwamba nitalazimika kufungua kinywa mbele ya wale watu. Kila nilipopunguza mwendo nilijiambia ni pumzi. Haikuwa pumzi.

Niliwakuta kwenye kibanda cha wachoma mkaa, wanakula wali wa kufinyanga uliogandia mikononi. Nyuso zao zilikuwa za kijivu. Walikuwa wamechimba theluji chini ya kila mti uliovunjika.

"Shemeji," Matsuzo akasema, "umetuletea kitu cha moto?"

"Hayuko hapa."

"Hilo tumeanza kulihisi."

"Yuko Bonde la Kivuli. Vyuma vyake havipo." Nikapiga magoti kwenye theluji mbele ya Jinpachi, nikainamisha kichwa mpaka paji likagusa chini. "Baba mkubwa, sikulisoma. Jani sikulisoma. Nilidhani tu."

Hakuna aliyetafuna tena. Matsuzo ndiye aliyesema kwanza, polepole, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Tumechimba usiku mzima. Kucha zangu zimetoka. Wewe msomi ulidhani?"

"Matsuzo," Jinpachi akasema.

"Namuuliza tu, mzee. Sisi mbumbumbu ndio tunaodhani. Yeye alipelekwa shule asidhani."

"Beba kamba."

Matsuzo alibeba kamba. Aliponipita alisimama, akafungua kitambaa cha shavuni, akanifunga mkononi, maana nilikuwa nimejikata kwenye mwamba bila kujua. Hakunitazama usoni. Na mimi sikuweza kumtazama.

Kufika Bonde la Kivuli kulichukua mpaka saa tano. Waliniambia nibaki mdomoni mwa bonde, nikakataa, na Jinpachi hakunishurutisha. Tuliiona ngazi kwanza, imesimama wima kwenye theluji, kitambaa chekundu cha kichwani cha Tokuji kimefungwa juu kabisa. Aliweka alama. Alitarajia watu watakuja moja kwa moja.

Alikuwa chini ya mwamba unaoinama, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti, ameufunga vizuri kwa vijiti na mkanda. Alikuwa amewasha moto mdogo kwa magome, na magome mengine alikuwa ameyapanga karibu na mkono wake, makavu, ya kutosha usiku mmoja. Sasa yalikuwa yamebaki matatu tu. Alikuwa amekaa, kidevu kifuani. Nilidhani amelala na nikamwita, nikamwita kwa sauti ya kumkaripia, kama mtu anayemwita mwenzake chakula kinapoa.

Jinpachi alimgusa shingo. Kisha akachuchumaa, akatia mkono kwenye majivu, akakaa nao mle ndani muda mrefu. Wote tulikuwa tunamtazama mkono.

"Baridi," akasema. "Ni baridi kabisa. Alikufa jana mapema, kabla hata hatujatoka nyumbani. Isingesaidia kitu."

Matsuzo akageukia mwamba na kulia. Wengine wakaanza kukata miti ya machela. Walipokuwa wamenipa mgongo nilichuchumaa pale alipochuchumaa Jinpachi, nikatia mkono wangu kwenye majivu hadi kifundoni.

Chini yalikuwa na joto. Si joto la kuunguza, lilikuwa kama la kitanda mtu alipotoka.

Nilipoinua macho Jinpachi alikuwa ananitazama. Alitikisa kichwa mara moja, polepole. Nikautoa mkono, nikaupangusa kwenye theluji.

Hatukulizungumza, si siku ile wala baadaye. Miaka minne iliyofuata, hadi alipofariki, kila alipopita mbele ya nyumba yetu aliniuliza kama nina kuni. Nadhani ndiyo njia aliyoipata ya kulizungumza.

Mama mkwe nilimwambia usiku wa mazishi. Nilimwambia kuhusu jani na kuhusu kusema nimelisoma. Kuhusu majivu sikumwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini duara lilifunga." Alisema hivyo tena asubuhi, na tena baada ya wiki. Nilingoja anifukuze. Watu wa nyumbani kwetu walikuja kunichukua, kaka yangu akiwa na mkokoteni. Mama alisimama mlangoni akawaambia, "Huyu ana kazi hapa," akafunga.

Kile kipande kilichobaki cha jani kimo ndani ya kisanduku mbele ya kibao chenye jina la marehemu. Kimekauka kama ngozi. Neno bado linasomeka.

Mwaka uliofuata nilipeleka ubao kwa Jinpachi nikamwomba apigilie misumari kumi na moja, mmoja kwa kila nyumba yenye mtu aendaye mlimani. Nilimwambia nataka utundikwe nje ya nyumba yetu, maandishi yakielekea njiani. Wazee walikataa. Walisema mungu wa mlima atasoma. Jinpachi akasema, "Asome. Angalau mmoja wetu awe amesoma," akapigilia.

Sasa ni miaka kumi na tisa. Mama ana miaka sabini na saba, na anajua kusoma maneno matano: majina ya mabonde manne, na bonde. Nilimfundisha kwa kijiti, juu ya majani. Asubuhi wanaume wakipita wanaandika, wanachoma majani yao misumarini, nami nayasoma kwa sauti, moja moja, na mwenye jani havuki mtaro wa mbele ya nyumba mpaka aseme ndiyo. Vijana hunitania, wananiita ofisi ya posta. Mama anakaa nyuma yangu na kurudia kila jina. Jioni wakishuka kila mmoja hutoa lake na kulitupa kwenye moto wetu.

Leo asubuhi yalitundikwa majani tisa. Sasa ni saa kumi jioni, kuna ukungu, na manane yameshaingia motoni. La tisa ni la Matsuzo, Bonde la Nyani. Yeye huchelewa siku zote.